Saa ya chuma kwa dola milioni 6.5: kisa cha Nautilus 5711

Tarehe 11 Desemba 2021, katika mnada wa Phillips jijini New York, saa moja ya mkononi iliuzwa kwa dola 6,503,500. Ilikuwa Nautilus 5711 ya kampuni ya Patek Philippe, ya chuma cha pua, ina mishale mitatu na kidirisha cha tarehe, basi. Haikuwa na kito hata kimoja. Hakuna mtu mashuhuri aliyewahi kuivaa, maana ilikuwa mpya kutoka kiwandani. Msimu huohuo saa nyingine 169 za aina ileile, rangi ileile, zilikuwa zimetengwa kwa wateja waliochaguliwa wa maduka ya vito ya Tiffany nchini Marekani, kwa dola 52,635 kila moja.

Hebu tupige hesabu. Zote 170 zikiuzwa kwa bei ya dukani zinaleta kama dola milioni 8.9. Moja tu, soko lilipoachiwa liseme lenyewe, ilileta milioni 6.5. Najua mnada ule ulikuwa wa hisani, fedha zikienda kwa shirika la kuhifadhi mazingira la The Nature Conservancy, na tajiri akinunua kwa hisani hufungua mkono kuliko kawaida. Sawa. Igawe bei ile kwa kumi, bado unapata zaidi ya mara kumi na mbili ya bei ya dukani.

Kwa nini mtu auze kwa elfu hamsini kitu ambacho kuna watu wako tayari kukilipia mamia ya maelfu? Na ile tofauti katikati, anaila nani? Nitakalotetea hapa ni kwamba tofauti ile ni sarafu ya aina yake. Kampuni inaitengeneza, wakala anaigawa, na mteja anailipia kwa njia isiyoandikwa kwenye risiti. Mwaka wa mwisho wa saa hii, 2021, unaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko kisa kingine chochote ninachokijua katika biashara ya saa.

Saa yenyewe

Patek Philippe ni kampuni ya Geneva, chimbuko lake ni mwaka 1839. Tangu 1932 iko mikononi mwa ukoo wa Stern, ambao kabla ya hapo walikuwa mafundi wa nyuso za saa na waliiuzia kampuni hiyohiyo kazi zao. Thierry Stern, aliyeshika urais mwaka 2009, ni wa kizazi cha nne.

Nautilus ilizaliwa mwaka 1976, wakati saa za betri kutoka Japani zilikuwa zinawatoa Waswisi jasho. Mchoraji alikuwa Gérald Genta, yuleyule aliyewachorea kampuni nyingine, Audemars Piguet, ile saa yao Royal Oak ya mwaka 1972. Umbo lake limechukuliwa kwenye dirisha la meli, na ubavuni ina masikio mawili kama bawaba. Kwa zama zile ilikuwa pana ajabu, milimita 42, na tangazo lake lilijisifu kwamba moja ya saa ghali kabisa duniani imetengenezwa kwa chuma. Kiburi hicho cha kuuza chuma kwa bei ya dhahabu ndicho mbegu ya kisa chote.

Mwaka 2006, Nautilus ikitimiza miaka 30, ikatoka namba 5711. Miaka ya mwanzo haikuwa na vurugu. Baadaye ikaja mitandao ya picha, wakaja wanamuziki na wachezaji mpira, na kufika mwishoni mwa muongo wa 2010 aliyeiulizia dukani alikuwa anaambiwa asubiri miaka minane, kumi, au anatazamwa tu kwa huruma. Bei ya dukani, iliyokuwa kama dola 30,000, ilikuwa inapanda kuelekea 35,000. Nje ya duka, kwa wachuuzi wasio mawakala, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Mgao

Patek hutengeneza saa kama elfu sitini hadi sabini kwa mwaka, za aina zote: za kike, za kiume, za kamba ya ngozi, za kengele, za kalenda. Haina maduka ya kutosha yake yenyewe. Inauza kupitia mawakala, maduka ya vito ya watu wengine yaliyopewa idhini, mengi yakiwa ya familia.

Msomaji asiyeijua biashara hii hudhani wakala anaagiza kama anavyoagiza mwenye duka la nguo: nitumie ishirini za bluu na kumi za nyeupe. Haiko hivyo. Wakala anapangiwa. Anaambiwa mwaka huu utapata hizi na hizi, na katika hizo zile zinazogombewa ni chache mno. Kiswahili kina neno lake na hatuhitaji kulitafuta mbali: mgao. Ni kama umeme wa mgao. Anayepanga yuko mbali, ratiba humwoni akiiandika, na usiku ukiona taa za jirani zinawaka huku kwako giza, unabaki kujiuliza mwenzako anamjua nani.

Kuna jambo lilimpata binamu yangu anayeishi Muscat. Mwaka juzi aliingia katika duka moja la saa, ambalo silitaji wala chapa yenyewe siitaji, akiwa na fedha kamili. Saa aliyoitaka ilikuwepo, ndani ya kioo, inang'aa. Muuzaji alikuwa kijana wa Kizanzibari mwenzake. Alipoisikia lafudhi akahamia Kiswahili.

"Mdogo wangu, nitolee hii."

"Hiyo ya kutazamwa tu, kaka."

"Basi nipe ya stoo."

"Stoo hamna."

"Itakuja lini?"

"Wallahi sijui. Hata bosi hajui. Wewe kaa, unywe kahawa, tujuane kwanza."

Binamu alitoka kachukia. Mimi aliponihadithia nilicheka, kwa sababu katika neno lile "tujuane" kijana alikuwa amemfunulia biashara nzima bila kukusudia.

Chukua mfano. Wakala amepangiwa 5711 moja kwa msimu, na wanaoitaka ni watano. Wa kwanza ana haraka na yuko tayari kulipa dola 80,000 leo hii. Wa pili ni daktari wa mtaa uleule, ambaye kwa miaka ishirini pete ya mkewe, saa ya mkewe na zawadi ya binti alipohitimu, vyote vilitoka dukani hapo. Wa tatu ni mchezaji maarufu. Akiivaa itapigwa picha. Wa nne alijiandikisha miaka sita iliyopita na hajanunua kitu kingine hata kamba. Wa tano ni msafiri, kesho anapanda ndege.

Kwa haki ya foleni, saa ni ya wa nne. Kwa haki ya soko, ni ya wa kwanza. Itakwenda kwa daktari, na pengine kwa mchezaji. Kinachoitwa orodha ya kusubiri basi hakina sifa ya foleni, maana foleni ina wa mbele na wa nyuma. Hili ni jalada ambamo kila mteja anapimwa, na wa nne ataendelea kupimwa na kuonekana mwepesi hadi atakapokata tamaa.

Tazama sasa nafasi ya wakala. Mkononi ana kitu cha dola 35,000 ambacho mtaa wa pili kinauzwa 80,000. Hawezi kupandisha bei mwenyewe. Sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya inaizuia kampuni kumlazimisha wakala asiuze chini ya bei fulani, lakini kumwekea kikomo cha juu inaruhusiwa. Akimpitishia mchuuzi kwa mlango wa nyuma anavunja mkataba, na siku ikigundulika anapoteza uwakala, yaani anapoteza duka. Kwa hiyo ile elfu arobaini na tano anaitoa kama zawadi. Na zawadi ya namna hiyo, mbele ya watu wanaojua hesabu, hairudi mikono mitupu.

Inarudi kwa njia ya saa nyingine. Duka lina saa za dhahabu za mishale miwili, nyembamba, za heshima, ambazo mafundi wanazisujudia na vijana hawazioni. Lina mikufu na hereni. Mteja anayejua anachokitaka atavinunua hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, jina lake likinona jaladani. Hakuna atakayekuandikia kwamba hilo ni sharti. Wala hakuna haja ya kuandika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mawakala wa saa methali hii imepinduliwa: chema kinaajiriwa kukibeba mgongoni kile kisichotembea. (Neno "kibaya" ninaliazima tu, zile saa nyembamba za dhahabu mimi ndizo ningezichagua, kama ningekuwa na uwezo wa kuchagua.)

Kwa nini wasipandishe bei tu

Hili ndilo swali la kila mtu aliyewahi kuuza nyanya. Nyanya zikiadimika, bei inapanda, wateja wanapungua, mambo yanakaa sawa. Patek ingeweza miaka ile kuandika dola 70,000 kwenye kibandiko cha 5711, na zingekwisha zote.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba bei iliyopandishwa ni rahisi kuitetea soko likiwa juu na ni aibu kuishusha soko likianguka. Kampuni inayoishi kwa kuwaambia watu kwamba saa ni ya kurithisha haiwezi kuonekana inapunguza bei kama duka la viatu mwisho wa mwezi. Bei ya mchuuzi ikishuka, hiyo ni habari ya mchuuzi. Kibandiko cha dukani hakijatikisika.

Cha pili ni kile cha sarafu. Ukiipandisha bei hadi ilingane na ya soko, yule daktari hana tena sababu ya kuwa mwaminifu. Atanunua popote. Tofauti ya bei ndiyo inayomfunga kwenye duka moja, na ndiyo inayomfunga wakala kwa kampuni, maana wakala asiye na mgao wa saa zinazotafutwa hana cha kugawa.

Njia nyingine ilikuwa kutengeneza nyingi zaidi. Hapo Stern alikuwa na msimamo ambao naona ni wa kweli: kiwanda kina mikono na saa zake za kazi, na kila Nautilus inayoongezwa ni saa nyingine isiyotengenezwa.

Januari 2021: anaiua

Mwanzoni mwa 2021 habari zikatoka kwamba 5711 ya chuma yenye uso wa bluu, ile inayogombewa kuliko zote, haitatengenezwa tena. Stern alieleza hadharani kwamba hataki saa moja iwe juu ya nyingine zote na kuibeba kampuni nzima.

Wengi waliona ni wazimu. Nani anaua kuku anayetaga? Mimi naona hesabu yake ilikuwa na mantiki. Tofauti ya bei ilikuwa imevimba mno, hata wateja wakawa wananunua saa nyingine za Patek kama nauli tu ya kuifikia 5711. Sarafu ikipanda thamani kupita bidhaa zote, watu huacha kuthamini bidhaa na kuhangaikia sarafu. Kwa mtengenezaji anayejivunia kalenda zisizokosea na kengele zinazogonga saa na dakika, kugeuka kuwa kampuni ya saa moja ya chuma ni hatari, kwa sababu mitindo huja na kwenda, na siku mtindo wa chuma ukipita angebaki na nini?

Lakini soko halikusikiliza maelezo hayo. Lilisikia neno moja, "mwisho". Bei kwa wachuuzi ikapita dola 100,000 na kuendelea.

Monaco

Aprili mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba kabla ya kufunga mlango itatoa 5711 ya chuma yenye uso wa kijani kama zeituni. Bei ya dukani Marekani: dola 34,893. Mawakala duniani kote wakapata chache chache.

Julai 2021, miezi mitatu tu baadaye, moja ya hizo ikasimama kwenye mnada wa Antiquorum huko Monaco. Haijavaliwa. Haijaguswa hata, kwa sababu Patek hufunga saa zake mpya ndani ya plastiki, na plastiki ile ilikuwa nzima. Ikauzwa kwa euro 416,000 pamoja na ada ya mnada. Hiyo ni kama mara kumi na nne ya bei ya dukani. Sisi tuliozoea mtumba kuwa nafuu kuliko kipya tuna haki ya kushangaa.

Nakaa kidogo kwenye kisa hiki, kwa sababu hapa sarafu ilionekana uchi. Mtu fulani alimwendea wakala, au wakala alimpigia simu, akapewa zawadi ya mamia ya maelfu ya euro, akaibadilisha kuwa fedha taslimu kabla msimu haujageuka. Nani aliibiwa? Si Patek, ilishalipwa. Si wakala, alishapata fungu lake la kawaida. Kisheria, mwenye mali kauza mali yake. Na bado kila mmoja katika mnyororo ule aliona amefanyiwa jambo.

Kilichopotea ni ile hadithi ya daktari. Mfumo mzima unasimama juu ya madai kwamba wakala anamjua mteja wake na kwamba saa inakwenda kwa mtu atakayeivaa. Plastiki isiyokatwa mbele ya macho ya dunia inasema wakala hakumjua, au alimjua vizuri sana.

Kampuni ina njia ya kufuatilia. Kila Patek ina namba mbili, ya kasha na ya mashine, na kumbukumbu za Geneva zinaonyesha ilipelekwa kwa nani. Picha ya saa kwenye kitabu cha mnada ikionyesha namba, au mtu akainunua na kuigeuza, jina la wakala linajulikana. Kutoka hapo ni simu moja tu. Mteja aliyeuza anafutwa jaladani, na wakala mwaka unaofuata mgao wake unaweza kukonda bila barua yoyote kuandikwa.

Ndipo ukaenea mtindo ambao mgeni anaweza kuudhani ukorofi: wakala anakata ile plastiki mbele ya mteja, anapunguza vipande vya mkanda wa chuma hadi uenee mkono wake, na anahakikisha ametoka nayo imevaliwa. Kwa mvaaji hiyo ni huduma nzuri. Kwa mlanguzi ni hasara, kwa sababu wapo wanunuzi wanaolipa ziada kubwa kwa ajili ya plastiki tu.

Mlanguzi, nimesema. Watanzania wa umri fulani wakilisikia neno hili hukumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi na walanguzi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wakati sabuni na sukari zilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya kuruka. Sizilinganishi shida, mtu hafi kwa kukosa Nautilus. Lakini mitambo inafanana: mahali popote ambapo bei imeshikiliwa chini na bidhaa ni chache, aliyesimama nyuma ya kaunta anageuka kuwa mkubwa. Tofauti ni kwamba Geneva imeushikilia uhaba wake kwa hiari.

Rangi ya Tiffany

Kisha ikaja Desemba. Patek na Tiffany walishikana mikono kibiashara mwaka 1851, na kwa muda mrefu Tiffany imekuwa na heshima ya kuandika jina lake kwenye uso wa saa za Patek inazouza. Heshima kama hiyo huko nyuma ilitolewa kwa watu na maduka mbalimbali. Wasomaji wa Oman watakumbuka saa za Rolex zenye alama ya khanjar, jambia la Kiomani, usoni, zilizoagizwa kwa ajili ya Sultani Qaboos kupitia duka la Asprey la London, akawatunukia watu nazo. Leo saa hizo ni lulu minadani kwa sababu ya alama ile tu. Alama ya aliyekugawia inaweza kuwa na thamani kuliko chuma kinachoibeba.

Januari 2021, mwezi uleule 5711 ilipohukumiwa, LVMH, kampuni ya bidhaa za kifahari ya Ufaransa, ilikamilisha kuinunua Tiffany kwa takriban dola bilioni 15.8. Mwisho wa mwaka ikatangazwa 5711 ya kuagana: uso wa rangi ya bluu ya maboksi ya Tiffany, majina mawili usoni, saa 170 kwa miaka 170. Moja kwa mnada, zilizobaki kwa wateja waliochaguliwa. Jay-Z akaonekana nayo mkononi mwezi huohuo. LeBron James naye.

Hapa ndipo nina ugomvi na Stern. Mtu aliyesema hataki saa moja iwe juu ya nyingine zote aliumaliza mwaka kwa kuipandisha saa ileile mahali ambapo haijawahi kufika. Angeweza kuiacha ife na uso wake wa bluu mwezi Januari. Badala yake alichapa noti za mwisho za sarafu ile, akampa mshirika wa siku nyingi azigawe, na mshirika akazigawa palipo na kamera. Kwa biashara ni kazi safi. Kwa yule wa nne wetu, aliyeandikishwa miaka sita na hana hata kamba, ilikuwa ni kuambiwa kwa upole kwamba jina lake halikuwa limesomwa kamwe.

Sheria inafika wapi

Watu huuliza kama haya yote yanaruhusiwa. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ulaya inaikubali kampuni ya bidhaa za kifahari kuchagua mawakala kwa vigezo na kuwakataza kuwauzia wachuuzi wasioidhinishwa. Mipaka ipo, na walioiona kwa macho ni Rolex: Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza euro milioni 91.6 kwa kuwazuia mawakala wake kuuza kwenye intaneti kwa zaidi ya miaka kumi. Shtaka la kupanga bei, ambalo pia lilikuwepo, lilitupwa. (Patek yenyewe iliwaruhusu mawakala kuuza mtandaoni kwa muda mfupi mwaka 2020 maduka yalipofungwa kwa korona, kisha ikaufunga mlango.)

Rolex ilipata kusema, mwaka 2021, kwamba uhaba wa saa zake si mkakati. Siwezi kuingia moyoni mwao. Ninachoweza kutazama ni walichofanya baadaye. Desemba 2022 walianza mpango wa kuuza kupitia mawakala wao saa za Rolex zilizokwishatumika, mwanzoni zile zisizopungua miaka mitatu, zikiwa zimekaguliwa na kupewa dhamana mpya, kwa bei ya soko. Agosti 2023 wakatangaza kuinunua Bucherer, mmoja wa mawakala wao wakubwa kabisa. Unganisha mambo hayo mawili. Saa inatoka kwa bei ya dukani, zawadi inakwenda kwa mteja; miaka mitatu ikipita inarudi kaunta ileile, na safari hii tofauti inabaki nyumbani.

Baada ya tanga

Masika ya 2022 soko la saa za mkono wa pili lilifika kilele, likaanza kuporomoka pamoja na fedha za kidijitali, ambazo matajiri wapya wengi walikuwa wamenunulia saa hizo. 5711 ikapoteza sehemu kubwa ya ilichopanda, lakini haikukaribia bei yake ya zamani ya dukani.

Oktoba 2022 akaja mrithi: 5811, milimita 41, umbo lilelile, ila sasa ya dhahabu nyeupe. Kwa mbali huwezi kuitofautisha na ya chuma. Bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 70,000. Itazame tena namba hiyo. Ni ile bei ambayo kampuni isingeweza kuiandika kwenye kibandiko cha chuma bila kuonekana inawakamua watu. Ikabadilisha madini, ikaandika, na hakuna aliyesema bei imepanda. Bado kwa wachuuzi inauzwa zaidi ya hapo. Sarafu imepungua ukubwa, haijafutwa. Na Oktoba 2024 chuma kikarudi kwa mlango mwingine, saa ya umbo la mraba iitwayo Cubitus, iliyosemwa vibaya sana na wapenzi wa saa wiki ile ilipotoka, wengi wao wakiwa wameshapiga simu kwa wakala kuulizia.

Binamu yangu, kwa taarifa yenu, alirudi kwenye lile duka la Muscat. Hasira zilikuwa zimepoa. Amekwishanunua pete ya mkewe na saa moja ya kamba ya ngozi ambayo anasema anaipenda kadiri anavyoivaa. Mwezi uliopita yule kijana alimpigia.

"Kaka, ile yako bado. Lakini kuna ya kike imeingia jana, nzuri sana. Nikamkumbuka shemeji."